Uzi wa kahawa ya nyumbani: tujitafutie vipimo vyetu wenyewe

#1 Kibo_Asubuhi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Rafu za kahawa madukani hapa Dar zimebadilika mno. Zamani ulikuta kopo la kahawa ya kuyeyuka, basi. Leo kuna punje nzima za Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi na Karagwe, zimekaangwa humu humu nchini, na pakiti nyingine zina hadi tarehe ya kukaangwa. Ila ukimuuliza mtu anaipikaje, jibu halibadiliki: kijiko kimoja, maji ya moto, sukari.

Hili linaniuma. Mimi ni mtoto wa Machame. Kahawa iko mlimani kwetu tangu mapadre wa misheni ya Kilema waipande mwaka 1898. Imesomesha watoto, imejenga nyumba, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikuu, KNCU, wauze mavuno yao kwa umoja. Lakini wazee wengi ninaowajua, waliopalilia mibuni maisha yao yote, kikombe chao ni cha ile ya kopo. Punje nzuri zilipanda lori kwenda mnadani Moshi.

Kwa hiyo nataka tujaze uzi huu kwa njia za kila mtu kutafuta kipimo chake. Narudia: chake. Nitaweka cha kwangu kama pa kuanzia tu, maana ulimi wako hauko kinywani mwangu.

Vifaa vya lazima ni vitatu: mizani ya jikoni inayosoma gramu, saa ya simu, na daftari. Msidharau mizani. Kijiko hakiaminiki kwenye kahawa kwa sababu punje zilizokaangwa sana huvimba na kuwa nyepesi, na zilizokaangwa kidogo ni nzito. Kijiko kile kile cha pakiti mbili tofauti kinabeba uzito tofauti, halafu unalaumu kahawa.

Anza na gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji. Hiyo ni 1 kwa 16. (Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo weka kikombe juu ya mizani umimine.) Ukipikia watu wengi, hesabu ya gramu 60 kwa lita inakaribiana na hapo.

Onja bila sukari, ikiwa imepoa kidogo. Kahawa ya moto sana huuficha ukweli.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Maji hayatoi kila kitu kwa pamoja. Kinachotangulia kutoka ni uchachu, kinafuata utamu, na uchungu ule mkavu unaobana ulimi huja nyuma. Miaka ya 1950 Wamarekani walifanya utafiti mkubwa wa jambo hili, wakiongozwa na mkemia Ernest Lockhart, na eneo walilochora bado linatumika duniani: utoe asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa kahawa, iliyobaki ibaki kwenye mashapo. Nyumbani huna kifaa cha kupima asilimia, lakini ulimi unatosha:

Kikombe ni kichachu, chembamba, kinaishia haraka mdomoni? Maji hayajatoa vya kutosha. Saga laini zaidi.

Ni kichungu, kikavu, kinakwangua koo? Maji yametoa kupita kiasi. Saga kwa chenga zaidi.

Ladha ni nzuri ila ni nyepesi mno au nzito mno? Hapo usiguse usagaji. Badilisha kiasi cha maji, nenda 1 kwa 15 au 1 kwa 17.

Sharti ni moja: badilisha kitu kimoja kwa kikombe kimoja. Ukibadilisha usagaji, maji na muda kwa pamoja, kikombe kikiwa kitamu hutajua cha kushukuru. Andika daftarini kahawa gani, imekaangwa lini, gramu ngapi, maji kiasi gani, muda, na neno moja la ladha.

Jambo jingine kabla sijawaachia. Kama kahawa imekaangwa karibuni, ina hewa ya ukaa ndani. Ukimimina maji inaumuka na kutoa mapovu, na ile hewa inazuia maji kuingia. Mwagia maji kidogo kwanza, mara mbili au tatu ya uzito wa kahawa, subiri nusu dakika, ndipo umimine yaliyobaki. Kahawa isiyoumuka hata kidogo imeshalala dukani muda mrefu.

Karibuni.

#2 Mgeni_Jikoni

Kaka uzi umetulia, asante. Mimi dada yenu niko Mwanza. Mizani ya kupimia unga wa keki ninayo. Lakini sina hivyo vikoni vya kuchujia kahawa na mabirika ya kioo ninavyoviona mitandaoni. Nina sufuria, chujio la chai, na kinu cha mama. Nimenunua punje za Mbinga. Nitafika kweli?

#3 Kibo_Asubuhi

Utafika dada, tena sufuria inatoa kikombe kizuri kuliko mashine nyingi mbovu.

Gramu 30 za kahawa, gramu 500 za maji. Maji yakichemka epua sufuria kabisa, weka kahawa, koroga mpaka yote ilowe, funika. Baada ya dakika 4 utakuta ganda limeelea juu. Livunje kwa kijiko, kahawa itazama; mapovu yaliyobaki yaengue. Sasa usiiguse tena kwa dakika 5. Watu hukosa subira hapa. Mashapo yakitulia chini, mimina polepole kupitia chujio na uache kile cha mwisho ndani ya sufuria.

Kinu kinafanya kazi ila kina tabia yake: kinatoa chenga na vumbi kwa pamoja. Vumbi linatoa uchungu upesi, chenga bado zinatoa uchachu, na kikombe kimoja kinakuwa na kasoro zote mbili. Twanga kidogo kidogo, punje za kufunika chini ya kinu tu, halafu pitisha kwenye chekecheke laini ili vumbi litoke. Zinazobaki juu na ni kubwa mno, zirudishe kinuni. Unatafuta ukubwa wa chumvi ya mawe iliyosagwa kidogo. Lile vumbi usitupe, linafaa kwa kahawa ya kuchemsha.

Na kama kinu kimetwangiwa kitunguu saumu, twanga kwanza mchele mkavu mara kadhaa na kuumwaga. Kahawa hunyonya harufu.

#4 Njiro2

Mleta uzi umeruka jambo ambalo kwetu Afrika Mashariki ni kubwa: mwinuko.

Mafundisho ya mtandaoni yanasema "chemsha, subiri dakika, mimina", kwa sababu wanataka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Wanaosema hivyo wengi wanaishi karibu na usawa wa bahari. Kila ukipanda takriban mita 300, maji yanachemkia joto lililo pungufu kwa nyuzi 1 hivi. Dar na Mombasa yanachemka kwa 100. Moshi mjini ni kama 97. Hapa Arusha, mita 1,400 hivi, ni 95. Mbeya na Nairobi, 94. Kwa hiyo mtu wa Arusha akichemsha kisha akasubiri dakika nzima na kifuniko kikiwa wazi, anapikia maji yaliyopoa, anapata kikombe kichachu na kulaumu mkulima.

Huku juu mimina mara tu yanapochemka. Huko pwani acha nusu dakika. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya mdalasini au kahawia, inataka maji ya moto kadiri yanavyopatikana. Iliyokaangwa hadi nyeusi yenye mafuta juu, hata nyuzi 88 zinatosha. Zaidi ya hapo inatoa ladha ya majivu.

Kuna jamaa yangu alihamia Dar kutoka Arusha akasema kahawa yake "imeharibika". Pakiti ile ile, kipimo kile kile. Kilichobadilika ni joto na maji.

#5 Kibo_Asubuhi

Asante mkuu, hiyo ni hoja nzito. Dada wa Mwanza, kwako ni mita 1,100 na kidogo, maji yanachemka kwa nyuzi 96. Usisubiri.

Na kuhusu maji ya Dar: visima vingi vina chumvi. Kahawa ya gramu 15 haiwezi kushindana na hiyo. Lakini msidhani maji matupu yasiyo na madini kabisa ndiyo dawa. Magnesi na kalisi kidogo ndizo zinazosaidia kuvuta ladha kwenye punje, na maji yenye bikaboneti nyingi yanaua uchachu mzuri wa kahawa ya mlimani, kikombe kinakuwa bapa. Jaribio rahisi: pika kahawa ile ile mara mbili kwa mpigo mmoja, moja kwa maji ya bomba yaliyochujwa, nyingine kwa maji ya chupa. Onja zikiwa pamoja. Ukiona tofauti ni kubwa, tatizo lako halikuwa usagaji.

#6 KahawaNaKashata

Asalaam aleikum jamaa zangu. Nawasoma kutoka Mombasa na sina ugomvi na mizani yenu, lakini mwazungumza kama kwamba kahawa ilianza na kikoni cha karatasi. Huku pwani, toka Lamu hadi Unguja, kahawa tungu (chungu) yachemshwa kwenye dele, birika letu la kahawa, juu ya makaa, na hakuna mzee barazani atakayekubali ya dakika nne. Pia sisi tuna kipimo, ila hatukukiandika. Mie nilikaa na muuza kahawa wa mtaani kwetu nikakiandika.

Kwa lita moja ya maji: gramu 60 hadi 70 za kahawa iliyokaangwa hadi nyeusi na kusagwa chenga. Tangawizi kavu, kipande cha urefu wa kidole gumba, kipondwe. Tangawizi yaingia kwanza, ichemke peke yake dakika 10. Kisha kahawa, moto upunguzwe mpaka uso wa maji utikisike tu, dakika 10 hadi 15. Iliki zaingia mwisho kabisa, zimepasuliwa, na dele laepuliwa. Ukizichemsha iliki tangu mwanzo harufu yote huenda hewani, wabaki na ganda. Waacha mashapo yakae chini kisha wamimina kwenye vikombe vidogo. Sukari haiingii ndani ya dele. Utamu ni wa kashata, tende au haluwa mkononi mwako.

Na ukitaka kukaanga mwenyewe: kikaango kizito, buni tabaka moja, moto wa wastani, na mkono usisimame. Itageuka njano, itanukia kama mkate, halafu utaisikia ikipasuka, pa, pa, pa. Hapo wa bara waweza kuiepua. Sisi tunaendelea mpaka ule mpasuko wa pili, mdogo na wa haraka, ndipo yamwagwa kwenye ungo na kupepetwa, ipoe na makapi yatoke. Fanyia nje, moshi ni mwingi. Na usistaajabu kuona uzito umepungua: gramu 100 za buni hurudi kama 80 na kitu.

Swali langu kwa mleta uzi: wewe waona viungo ni kuficha kahawa mbaya?

#7 Kibo_Asubuhi

Wa aleikum salaam. Hapana, sioni hivyo, na nashukuru umeandika.

Naona hizi ni kahawa mbili zenye haki sawa, na kosa ni kutumia kipimo cha moja kwenye nyingine. Ukikaanga hadi mpasuko wa pili, uchachu mwingi umeshaungua, kwa hiyo kuchemsha muda mrefu hakuna cha kuharibu upande huo. Uchungu unabaki, na tangawizi na tende vinaupokea vizuri. Lakini chukua AA (daraja la punje kubwa) ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo, ichemshe robo saa na tangawizi, utapata kitu kikali kisicho na sura. Vile vile iliki nyingi kwenye kahawa hiyo inafunika ule uchachu wa matunda ambao umeulipia.

Nina njia ya kutafuta kiasi cha iliki bila kubahatisha. Chemsha iliki 10 zilizopasuliwa kwenye maji dakika 5, chuja, ongeza maji mpaka ujazo uwe mililita 100. Pika kahawa yako tupu, igawe vikombe vinne vya mililita 60. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia kijiko kimoja cha chai cha yale maji ya iliki, cha tatu viwili, cha nne vitatu. Onja, rudi nyuma, onja tena. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo kila kijiko ni nusu iliki. Ukipenda kile cha kijiko kimoja, kwa lita nzima ni iliki 8. Mdalasini na karafuu unaweza kuzitafuta hivyo hivyo, kila kiungo siku yake. Karafuu anza na kidogo sana, inatawala.

#8 KahawaNaKashata

Nane! Muuza kahawa wetu hutia saba au nane kwa lita. Mkono wake wajua.

#9 Ziwa_Magharibi

Wakuu naona robusta, ile aina nyingine ya kahawa tofauti na arabika ya mlimani, inapitwa kimya kimya, na mimi ni wa Bukoba, sitakubali.

Kwetu kahawa ni ya kutafuna kabla ya kuwa ya kunywa. Matunda ya robusta yanachemshwa na majani yenye harufu, yanakaushwa, na mgeni akifika anakaribishwa kwa hayo mkononi. Sasa mtu ananiambia robusta ni takataka ya kuchanganyia. Takataka ni robusta iliyoanikwa chini kwenye vumbi na kukaangwa ovyo. Iliyochumwa ikiwa nyekundu na kuanikwa kwenye vichanja ina uzito mdomoni ambao arabika haina, na ladha ya karanga na kakao.

Kipimo chake ni tofauti. Kafeini ni karibu mara mbili: arabika ina kama asilimia 1.2 ya uzito, robusta kama 2.2. Uchachu ni mdogo, uchungu ni mwingi. Kwa hiyo ongeza maji, 1 kwa 17 au 18, punguza joto, saga chenga kidogo.

Mimi natumia lile birika la Kiitaliano la moka na mchanganyiko wa arabika 70 kwa robusta 30. Tia maji ambayo tayari ni ya moto chini, yasivuke ile valvu ya pembeni. Jaza kahawa bila kuishindilia. Moto mdogo. Likianza kukoroma na kutema mvuke, epua hapo hapo, maana kinachotoka baada ya hapo ni uchungu mtupu. Ukitaka kujua mchanganyiko wako, pika kila moja peke yake, kisha changanya vikombeni kwa kijiko: 9 kwa 1, 8 kwa 2, 7 kwa 3. Ni rahisi kuliko kuchanganya punje na kujuta.

Kwa wanaopenda kahawa ya maziwa, huu mchanganyiko ndio unaosikika. Arabika nyepesi inazama kwenye maziwa.

#10 Buyenzi_Kwetu

Jambo wote. Mimi ni wa Bujumbura. Naongeza jambo moja kwa wanaopata kahawa ya Burundi, Rwanda au Kivu.

Inatokea unasaga kahawa nzuri kabisa, na ghafla jikoni kunanuka kiazi kibichi kilichomenywa. Siyo wewe, na siyo maji. Kuna mdudu anaitwa antestia anayefyonza tunda la kahawa likiwa shambani, na punje lililoguswa hutoa harufu ile. Halina madhara kwa afya. Lakini kwa macho mara nyingi huwezi kuliona, na punje moja tu linaharibu kikombe kizima.

Dawa yake: saga kahawa ya kikombe kimoja kimoja, usisage pakiti yote. Harufu ikitokea, mwaga ile gramu 15, pangusa kisagio, endelea. Aliyesaga nusu kilo kwa pamoja ameichanganya yote. Na msiache kununua kahawa yetu kwa sababu hiyo, ikiwa safi ina utamu wa machungwa na asali ambao siwezi kuubadilisha na chochote.

#11 Zamu_ya_Usiku

Samahani naingilia. Mama yangu ana kolesteroli ya juu na anapenda kahawa ya kuchemsha. Kuna cha kufanya? Na mimi nafanya kazi usiku, naomba saa ya mwisho ya kunywa.

#12 Kibo_Asubuhi

Pole kwa mama. Mafuta ya kahawa yana kitu kinaitwa kafestoli, na hicho kinapandisha kolesteroli mbaya. Kahawa ya kuchemsha, kwa dele au kwa sufuria, inayo kwa wingi. Karatasi ya kuchujia inakizuia karibu chote. Kwa hiyo mpikie vile vile, halafu ipitishe kwenye karatasi kabla hujampa. Itakuwa nyepesi mdomoni, ndiyo. Mwambie daktari wake pia kiasi anachokunywa kwa siku.

Kuhusu usingizi: kafeini hupungua nusu mwilini kwa kama saa 5, wengine zaidi. Kama unalala saa 2 asubuhi, kikombe cha saa 8 usiku kiwe cha mwisho, na kisiwe robusta ya mkuu wa Bukoba.

#13 Mgeni_Jikoni

Nimerudi na majibu. Nimefuata ya sufuria: 30 kwa 500, maji yakichemka tu naepua. Pakiti inasema ilikaangwa wiki mbili zilizopita. Mara ya kwanza ilikuwa chachu, kama ndimu imepita. Nikaacha kila kitu kama kilivyo, nikatwanga laini kidogo na kuchekecha vumbi. Kaka, kuna utamu umetokea mwishoni ambao sikuutia mimi! Mume wangu akauliza sukari ni kiasi gani, nikamwambia haimo.

Sasa nataka nusu iwe ya maziwa kwa ajili yake. Ninapunguza maji?

#14 Kibo_Asubuhi

Dada umenifurahisha sana, kweli.

Ndiyo, punguza maji. Gramu 30 kwa 300, muda ule ule. Kwa kuwa maji ni machache yatatoa ladha pungufu, kwa hiyo twanga laini kwa hatua moja tena. Maziwa pasha mpaka sufuria ianze kuunguza kidole ukigusa, kama nyuzi 60 na kitu. Yakichemka yanapata ladha ya kupikwa na utamu unapotea. Anza na kahawa 2 kwa maziwa 1, mwongezee maziwa kwa kijiko mpaka aseme hapo hapo, kisha pima ulichoongeza.

Chako usikiguse bado kwenye usagaji, umeshafika. Sasa cheza na maji tu: kesho 30 kwa 450, keshokutwa 30 kwa 510. Na pakiti ikizidi mwezi utaona uchachu unarudi au ladha inafifia. Saga laini kidogo tena kufidia. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini, mbali na jiko. Friji hapana, itanuka samaki.

Ukiandika matokeo hapa, taja na daraja kama limeandikwa kwenye pakiti. Kama ni PB, zile punje za mviringo ambazo tunda limezaa moja badala ya mbili, nitakupa kipimo kingine, maana mimi naipika tofauti na AA.

#15 Mgeni_Jikoni

Nimeangalia. Ni AB. Kesho na 450.